Minazi Yake, Udongo wa Mkwewe

Habari ya kifo cha kaka yangu ililetwa Gatitu na mtu wa reli aliyekuwa amekuja likizo. Aliingia kwetu akiwa amevaa koti la kazi, akaketi, akanywa chai, akaulizia mvua, akasifu ng'ombe. Mama akamwambia, "Sema tu." Akasema. Kaka yangu alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi, huko pwani, kwenye vilima vilivyo juu ya Mazeras, na alikuwa ameshazikwa. Joto la huko halingoji watu wa Nyeri wapande gari.

Mama hakulia mbele ya mgeni. Aliuliza jambo moja. "Amezikwa kwa udongo wa nani?"

Mtu wa reli alisema hajui. Alichoona ni minazi, na watu walimwambia kwamba minazi ile ilikuwa ya marehemu.

Mama hakujua Kiswahili. Maneno yake yote ninayoandika hapa nimeyatoa mwenyewe katika Kigikuyu, na mimi nilisoma hadi darasa la nne. Yakionekana madogo, kwake hayakuwa madogo.

Mgeni alipoondoka aliniita. Aliniita baba, kama kawaida yake, kwa sababu mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume na nilipewa jina la babake.

"Baba," alisema, "nenda uone. Kama amelala kwa udongo wake, mwache apumzike. Kama amelala kwa udongo wa mtu, umlete hapa. Na usinidanganye."

Hilo la mwisho hakuhitaji kulisema. Mimi sijui kudanganya. Si wema, ni kama wengine wasivyojua kupiga mluzi.

Ni lazima nieleze kwa nini jambo la udongo lilikuwa zito namna hiyo. Wakati wa hali ya hatari kaka yangu alichukuliwa akiwa kijana, akawekwa kizuizini, akahamishwa kambi baada ya kambi hadi tukaacha kuuliza. Akiwa huko, serikali ilileta watu wa kupima mashamba. Vipande vya kila familia viliunganishwa kuwa shamba moja, na kila shamba likaandikwa jina la mtu mmoja. Baba alikuwa amekufa. Mtu mzima wa kiume aliyekuwepo nyumbani nilikuwa mimi. Shamba likaandikwa jina langu. Kaka yangu alipofunguliwa alirudi, nikamtembeza shambani, nikamwonyesha nusu yake kutoka kwenye mti wa mugumo hadi mtoni. Aliitazama vizuri. Akasema ataenda kufikiria. Alienda pwani kufikiria na hakurudi.

Hatukugombana. Alikuwa akituma salamu na watu wa reli. Tulisikia ameoa Mgiriama. Tulisikia anagema tembo, ile pombe ya mnazi. Mama alikuwa wa kanisa letu, ambalo halinywi, na aliposikia hilo la pili alisema afadhali lile la kwanza.

Nilifuatana na baba mdogo, ndugu yake marehemu baba. Alikuwa amekaa katika kamati ya kupima mashamba ya upande wetu, na tangu siku hizo hakuweza kuona ardhi bila kutaka kujua mwisho wake uko wapi. Alibeba Biblia, blanketi, na futi ya kitambaa ya kupimia, ile ndefu inayojiviringa ndani ya kasha la ngozi. Kamati ilipovunjwa hakuna aliyemwambia airudishe.

Kutoka Nairobi tulipanda treni ya Mombasa, daraja la tatu. Asubuhi tuliamka tukiwa katikati ya nchi nyekundu isiyo na nyumba. Ndovu walikuwa wamesimama karibu na reli, nao pia wekundu, kwa sababu ya vumbi. Watu wote wa behewa letu walikimbilia madirisha ya upande huo. Baba mdogo aliwatazama ndovu kidogo tu, kisha akaanza kutazama ardhi.

"Hii yote hakuna mtu?" aliuliza.

Mama mmoja wa Kitaita aliyekuwa na kuku kwapani alimjibu, "Ni ya ndovu."

"Ndovu wako na hati?"

"Waulize, mzee. Shuka hapa uwaulize, sisi tutakusubiri Mombasa."

Behewa lilicheka. Baba mdogo hakucheka. Alihesabu familia ambazo zingetosha pale, kwa sauti, mpaka tukaiacha nchi hiyo nyuma.

Mazeras tulishuka, tukapata lori lililokuwa likipanda kwenda upande wa Kaloleni kuchukua nazi. Sikuwa nimewahi kuona mahali kama pale. Kwetu mlima uko mmoja, na uko mbali, na siku nyingi umejifunika. Huko vilima vimekaa karibu karibu kama watu kwenye mkutano, na kila kimoja kimejaa minazi kutoka chini hadi juu. Katikati ya minazi kuna miembe na mikorosho. Ukigeuka nyuma unaona bahari huko chini, imelala kama bati jipya. Ndege wenye midomo mikubwa kama pembe walipita juu yetu wakipiga kelele ya mlango usiotiwa mafuta, na tumbili walikaa kando ya barabara wakitutazama bila heshima. Ilikuwa nchi nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa sikutaka iwe nzuri. Mtu aliyekuja kumchukua ndugu yake anatamani kumkuta mahali pabaya.

Dereva alitueleza kwamba tembo karibu lote linalonywewa Mombasa linatoka kwenye vilima hivyo. Alisema hivyo kama mtu wa Karatina anavyozungumzia viazi.

"Na watu wote wanakunywa?" aliuliza baba mdogo.

"Mzee, huku hata komba wanakunywa."

Tulidhani anatutania. Hakuwa anatutania. Komba ni mnyama mdogo mwenye macho makubwa kuliko haja yake. Jioni anapanda minazi iliyogemwa na kunywa kutoka kwenye vibuyu. Asubuhi mwingine hukutwa amelala chini ya mti. Nilimwona mmoja kwa macho yangu siku ya pili. Alikuwa amejiegemeza kwenye shina, mkono mmoja juu ya tumbo, na mbwa wa boma alimpita bila kumjali, jinsi mtu anavyompita jirani aliyemzoea.

Shemeji yangu alitupokea vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, amejifunga nguo nyeusi. Alitupa maji ya kunawa, kisha akapiga magoti kidogo kumsalimu baba mdogo, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Mnafanana miguu," alisema. "Uso hapana."

Nilimwambia kwamba watu wamesema hivyo tangu zamani.

Babake shemeji alikuwa mzee mfupi, kifua wazi, kofia kichwani. Alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla hujasema neno, kana kwamba tayari amesikia unachotaka kusema. Alituita wakwe. Alitupeleka kwenye kaburi bila kungoja tuombe. Lilikuwa nyuma ya boma, kati ya minazi, tuta la udongo mwekundu lililozungushiwa mawe na makombe ya baharini. Udongo ulikuwa bado haujashikana. Nilisimama hapo. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kwamba nikifika nitasema kitu, na nilipofika sikuwa nacho. Baba mdogo aliomba. Aliomba vizuri, kwa Kigikuyu, muda mrefu, na yule mzee alivua kofia mpaka mwisho ingawa hakuelewa hata neno.

Baadaye, tukila ugali na samaki, baba mdogo alimwuliza shemeji, "Hii minazi iko hapa kwa kaburi, ni ya nani?"

"Ni yake," shemeji alisema.

"Yote?"

"Kutoka pale penye mkorosho hadi kule kwenye bonde. Mingine aliinunua, mingine aliipanda mwenyewe. Ile mirefu ndiyo aliyokuwa akigema."

Baba mdogo alinigeukia, akaniambia kwa Kigikuyu kwamba kazi imekwisha. Marehemu alikuwa na shamba. Tena shamba kubwa kuliko langu. Amelala kwake. Tutarudi tumwambie mama hivyo.

Sitasema nilifurahi. Mama alitaka alale kwa udongo wake. Mimi nilitaka arudi. Sikuwa nimemwambia mtu. Tangu achukuliwe na lori la askari nilikuwa nikilima peke yangu, nikienda mikutanoni peke yangu, nikizeeka peke yangu upande ule wa shamba, na ile nusu yake niliilima bila kuiita yangu. Niliwaza kwamba akizikwa pale, angalau nusu ile itakuwa na mwenyewe. Sasa shemeji alikuwa ameniambia kwamba ana shamba kubwa, na mimi nilitakiwa kushukuru. Nikashukuru.

Lakini baba mdogo hakuwa mtu wa kuondoka bila vipimo. Asubuhi alisema mama ataniuliza shamba ni ekari ngapi, na mimi nitasema sijui, na hiyo si habari ya kumpelekea mtu aliyefiwa. Alichukua futi yake. Tulitoka pamoja wakati shemeji ameenda kisimani na mzee bado yuko ndani.

Karibu na kaburi, hatua chache tu, kulikuwa na vijiti vya mbao vimesimama ardhini, vifupi, vingine vimechongwa kidogo juu mahali pa shingo, vimefungwa vitambaa vilivyopauka. Kwetu ukiona kitu kimesimikwa ardhini kwa uangalifu namna hiyo, kitu hicho ni bikoni. Ni mpaka. Watu wa serikali wamekiweka, na ukikigusa utafungwa. Baba mdogo alivitazama akatikisa kichwa.

"Wamepima hapa," alisema. "Lakini mpimaji alikuwa mbaya. Bikoni ziko karibu karibu sana. Hapa hata mbuzi hatoshi."

"Labda ni vya kitu kingine."

"Kitu gani kingine? Shika huku."

Akafunga mwisho wa futi kwenye shingo ya kijiti kirefu kuliko vyote, akakaza vizuri, akanipa kasha, akaniambia nirudi nyuma kuelekea kwenye mkorosho. Nilikuwa nimefika katikati ya minazi, futi imenyooka, baba mdogo amenifuata, ameinama anasoma namba, wakati mzee alipotoka nje akiwa na mswaki mdomoni.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu tufike hakucheka.

"Mkwe," alisema polepole, "kwa nini umemfunga baba yangu kamba?"

Baba mdogo alitazama huku na huku akimtafuta huyo baba.

Tulielezwa. Vile vijiti ni koma. Mtu wao akifa, baada ya muda anasimikiwa kimoja, na kuanzia hapo kijiti ndicho mtu mwenyewe. Anapelekewa tembo, anaambiwa habari za nyumbani, anaombwa radhi. Kile kirefu kilikuwa babake mzee. Kile cha kando yake, ambacho baba mdogo alikuwa amekiegemezea Biblia, kilikuwa nyanyake.

Baba mdogo alifungua futi. Fundo aliloweza kulifunga mara moja lilimchukua muda mrefu kulifungua. Nilidhani mzee atatufukuza. Alikaa chini kwenye gogo, akatuita tukae.

"Mlikuwa mnapima nini?"

"Shamba ya marehemu," alisema baba mdogo.

"Shamba gani?"

"Hii. Yenye minazi yake."

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaona hatutanii. "Minazi ni yake," alisema. "Shamba ni langu."

Tulimwambia kwamba hatuelewi. Akasema hata yeye haelewi tusichoelewa. Mti ni mti, udongo ni udongo. Mtu anaweza kununua minazi mitano katika shamba la mtu, akaigema, akaiuza, akamwachia mwanawe, na shamba likabaki la mwenye shamba. Mwenye shamba naye anaweza kupanda mihogo chini ya minazi ya mtu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu babake, na hapo alikiashiria kijiti kwa kidevu.

"Sasa mtu anakuwa na miti bila mahali ya kusimama?" aliuliza baba mdogo.

"Miti ndiyo inayosimama, mkwe. Yeye anapanda."

Nilimwona baba mdogo akijaribu kuweka jambo lile kichwani, na halikuingia. Alikuwa ameamua kesi nyingi za mashamba, watu wakirushiana mapanga kwa ajili ya upana wa mguu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba migomba ni yake na udongo ni wa mwingine. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo jingine. Nilikuwa nikisikia sauti ya mama. Kama amelala kwa udongo wa mtu, umlete.

"Tuuzie hapo tu kwa kaburi," baba mdogo alisema. "Kipande kidogo. Sisi tutalipa, uandike, tuweke mawe kwa kona."

Mzee sasa alicheka. Alicheka mpaka akautoa mswaki mdomoni. "Kuuza kaburi. Wabara nyinyi. Sasa sikiliza, mkwe wangu. Huyu ameoa binti yangu, amekula kwangu, ameanguka kutoka kwenye mti ulio mbele ya mlango wangu. Akilala hapo alivyo ni mwanangu. Nikikuuzia hapo alipolala, atakuwa jirani yangu. Unataka nimfanye jirani?"

Nilimwambia mzee agizo la mama, lote kama lilivyo, na kwamba nisingeweza kumpelekea jibu tofauti na nililoliona. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mama ana haki," alisema. "Alimzaa. Kama anamtaka, mchukueni. Jembe liko nyuma ya jiko. Mimi sitawasaidia, lakini sitawazuia."

Shemeji alikuwa amerudi kutoka kisimani na alikuwa amesimama na mtungi kichwani, ameyasikia yote. Nilimwuliza yeye anasemaje. Aliushusha mtungi kwanza.

"Mtamchukua yeye, shemeji," alisema. "Na minazi je? Mtaipakia kwenye treni?"

Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Alieleza kwamba mnazi ukishaanza kugemwa haupumziki. Asubuhi, mchana na jioni lazima mtu apande akate kidogo ncha ya shina la ua linalotoa tembo, kipande chembamba kama kucha, la sivyo panakauka. Siku ile alipoanguka, nduguye shemeji alipanda miti yote iliyobaki kabla maiti haijaoshwa. Si kwamba hakumpenda, alisema. Lakini ingekuwa aibu kwa marehemu kuacha kazi imekauka. Tangu hapo anaipanda yeye na kumpa shemeji fungu lake.

"Yeye akiwa hapa, minazi ni ya mume wangu," alisema. "Mkimwondoa, watu watasema ni ya mtu aliyeondoka."

Nilienda nyuma ya jiko. Jembe lilikuwepo. Nililishika. Ningependa kuandika kwamba sikuligusa, lakini nililishika, tena nilijaribu mpini kama umekaza. Ulikuwa umekaza. Nilirudi nalo hadi kwenye mawe. Baba mdogo alikuja akasimama kando yangu, akasema kwa sauti ya kamati kwamba kisheria mtu aliyezikwa hafukuliwi bila barua ya mkuu wa wilaya, na barua hiyo haipatikani kwa siku moja, na hata ikipatikana ni lazima awepo daktari. Sijawahi kuishukuru serikali kama nilivyoishukuru asubuhi ile. Nilirudisha jembe. Mbwa alinifuata kwenda na kurudi.

Ilibaki kosa la kumfunga kamba mzee wa watu. Mkwe wetu alisema ni jambo dogo, tembo kidogo litatosha, lakini aliyefunga ndiye wa kumwaga, na amwagaye huonja kwanza ili wazee wasidhani wanapewa sumu. Baba mdogo alikuwa mtu aliyeokoka. Alikuwa ameshuhudia mbele ya watu kule Nyeri mjini kwamba tangu alipookoka hajatia pombe kinywani.

"Hili limeshuka mtini sasa hivi," mzee alimtuliza. "Bado ni tamu. Hata watoto hunywa."

Baba mdogo aliuliza mara mbili kama halijawa pombe. Akaambiwa bado, litakuwa jioni. Akaonja, akamwaga, akaomba radhi kwa kijiti kwa Kiswahili chake, "Mzee pole, sikujua ni wewe." Kisha akaonja tena ili awe na hakika. Alisema lina ladha ya uji mwembamba wenye asali. Alikunywa kibuyu kizima cha uji huo, na kwenye lori la kurudi Mazeras aliimba nyimbo za kanisa hadi stesheni, zote kwa sauti ya tatu. Sijawahi kumwambia mtu wa kanisa. Hakuna aliyeniuliza.

Nyumbani mama alikuwa ameshafyeka mahali pa kaburi. Palikuwa upande ule wa nusu ya kaka yangu, mbali kidogo na maji. Alituona tukija mikono mitupu, akaingia ndani kuweka chai.

Nilimwambia yote. Nilimwambia vilima, bahari, mke, mzee, minazi. Baba mdogo alijaribu kuingilia, akasema kwa namna fulani unaweza kusema kwamba marehemu alikuwa na shamba, ukilitazama kwa upande wa juu. Mama alimwambia anywe chai.

"Udongo ni wa nani, baba?" aliniuliza.

"Wa mkwewe."

"Wake hakuna?"

"Hakuna, mama. Ana miti tu. Unaweza kunipa ruhusa niende kwa mkuu wa wilaya nitafute barua. Watatuachia. Wamesema hawatatuzuia."

Hakunijibu siku hiyo. Wala kesho yake. Nilianza kuuliza watu juu ya barua, na karani mmoja mjini aliniambia niende nyumbani nilie, nirudi nikimaliza. Nilimwambia mimi silii kwa kumaliza. Akanitazama, akasema basi nirudi Jumatatu.

Jumapili baada ya kanisa mama aliniita kwenye kahawa. Ilikuwa wakati wa kuvuna, na ingawa haikuwa siku ya kazi alikuwa akipitisha vidole kwenye matawi, akitoa moja moja zilizoiva.

"Hii kahawa nani alipanda?" aliuliza.

"Ni wewe." Tulipanda mara tu serikali ilipowaruhusu Waafrika kulima kahawa. Mimi nilichimba mashimo, lakini miche aliibeba yeye mgongoni, na aliyekuwa akijua kila mti ulianza lini kuzaa alikuwa yeye.

"Na udongo?"

Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye hati, ndani ya sanduku, chini ya kitanda changu. "Wangu," nilisema.

"Na kabla yako?"

"Wa baba."

"Na kabla ya hapo mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa babako."

"Kwa udongo wa babangu," alisema. "Sasa niko kwa wako. Nikifa utanizika hapa na hutauliza mtu." Aliweka punje za kahawa kwenye mfuko wa aproni. "Yule mzee alisema ni mwanawe?"

"Alisema akituuzia kaburi atakuwa jirani."

Alifikiria hilo. Nilidhani atacheka, lakini mama hakuwa mtu wa kucheka kwenye kahawa.

"Mimi nilifikiri ni wanawake tu wanaolala hivyo," alisema. "Mwache, baba. Usiende kwa karani."

Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyetaka arudi. Ilinitoka tu. Nilimwambia kwamba ile nusu nimeilima miaka yote bila mwenyewe, na kwamba sijui nitaifanyia nini.

"Ilime," alisema. "Nani amekukataza?"

Niliuliza kama angependa niandikishe sehemu ya kahawa kwa jina lake, kwa kuwa siku hizo nilisikia inaweza kufanyika. Alisema ya nini, miti imeshakua. Akaniambia nishike tawi la juu ambalo hakulifikia, nikalivuta chini, na tukavuna mpaka jua lilipopungua, ingawa ilikuwa Jumapili na yeye ndiye aliyetufundisha kutofanya kazi Jumapili.

Wiki iliyofuata watu wa kanisa walikuja kuuliza mazishi ni lini, ili wapange chakula. Niliwaambia ameshazikwa. Waliuliza wapi. Nikasema pwani, kwa babake. Mmoja alianza kusema kwamba babake amezikwa hapa, anakumbuka vizuri, alikuwepo, lakini mkewe alimgusa kiwiko. Wakasema pole. Nikasema asante. Kisha mama akaleta chai, na baba mdogo akaombwa aombe, akaomba muda mrefu, na safari hii nilivua kofia, kama yule mzee wa pwani, na kubaki nayo mkononi hata baada ya amina.